Ukimya wa Yusufu

Yusufu, mume wa Mariamu, hana hata neno moja katika Injili zote nne. Malaika anasema, Mariamu anasema, Elisabeti anasema, wachungaji wanasema, hata Herode anasema. Yusufu anaota, anaamka, anafanya. Anaambiwa amchukue mkewe, anamchukua. Anaambiwa aende Misri, naye hangoji kupambazuke. Anamchukua mtoto na mama yake usiku ule ule na kushika njia. Mtoto anapofika miaka 12 anapotea Yerusalemu, wanamtafuta siku tatu, na wanapomkuta hekaluni anayemuuliza ni mama. Baba yupo, kasimama pembeni, kanyamaza.

Mimi nimelelewa madrasa, na Kurani haimtaji Yusufu huyu. Nimemjua kwa majirani, kwa vile vikundi vya vinyago vya udongo vya Krismasi ambamo kila mtu anamtazama mtoto na yeye kashika fimbo yake nyuma, kama mtu aliyesindikiza. Lakini nikikaa nikawaza habari za baba na mtoto mchanga, yeye ndiye anayenijia kwanza. Wa pili ni Zakaria, ambaye vitabu vyote viwili vinamjua. Katika Kurani aliomba ishara ya kwamba kweli atapata mtoto uzeeni, akapewa ishara ya ajabu: siku tatu asiweze kusema na watu ila kwa kuashiria. Katika Luka ulimi wake ulifungwa kwa kuwa hakuamini, ukaja kufunguka siku ya nane baada ya mtoto kuzaliwa, alipoomba kibao akaandika kuwa jina lake ni Yohana. Katika kitabu kimoja kunyamaza ni zawadi, katika kingine ni adabu. Vyovyote, mzee aliyezoea kusimamia ibada mbele za watu alitakiwa anyamaze kwanza ndipo awe baba.

Nadhani hapa kuna jambo letu. Mwanamume mzima huishi kwa ulimi wake. Kwa ulimi anauza, anaamrisha, anaapa, anaposa. Kisha siku moja anakabidhiwa kiumbe ambaye ulimi wote ule haumfai kitu. Huwezi kumwonya, huwezi kumshawishi, huwezi kumweleza kuwa kesho una safari na unahitaji usingizi. Mwaka wa kwanza mtoto huchukua sauti yako na kuiacha maana yake. Huchukua joto la mkono, harufu ya shati, mwendo wa kifua kikipanda na kushuka. Umesoma, umezunguka dunia, una heshima mtaani. Kwake wewe ni kifua.

Wanaume wengi hapo ndipo wanapoondoka. Hawaondoki kwa ubaya. Wanaona hawana kazi pale, wanajiambia watarudi mtoto akishaanza kuelewa.

Kwa hiyo ukimya una namna mbili, na nyumba zetu zinaujua zaidi ule mmoja. Ni ukimya wa baba anayetoka kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamelala. Baba anayekohoa mlangoni watoto wakatawanyika. Baba ambaye habari za wanawe huzipata kwa mkewe, kama mkuu wa idara anayeletewa ripoti. Watoto wa baba huyo wanamheshimu. Wakikua wanamlipia matibabu, wanamnunulia kanzu ya Idi, na wakikaa naye chumba kimoja hawana la kuzungumza. Ukimya wa Yusufu ulikuwa wa mtu aliyekuwepo. Alinyamaza huku kabeba mtoto.

Lakini na tuwatendee haki wanaume hawa. Nani aliwafundisha? Mwambao wetu una darasa kwa karibu kila kitu. Mvulana alipelekwa jandoni, ngariba akamaliza kazi yake, kisha wakubwa wakakaa naye kumbini wakamweleza adabu ya kuwa mwanamume. Msichana ana kungwi wake, na kungwi huyo anarudi tena siku ya ndoa. Mwanamke akijifungua, nyumba inajaa: mama, mama mkwe, shangazi, mkandaji mwenye maji yake ya moto, mtu wa kupika uji wa pilipili manga, mtu wa kumwonyesha namna ya kumshika mtoto shingo. Siku arobaini nzima hayuko peke yake. Baba yake mtoto huyo anaambiwa alete mkaa na nyama, kisha anahamishiwa kitanda kingine ili asisumbue. Akijaribu kumbeba mwanawe ukumbini ananyang'anywa kwa upole: lete, utamwangusha. Akimtoa barazani kamviringisha kanga ya mamake, wenzake wanacheka kuwa kalishwa limbwata. Wanawake wanamwona hajui, wanaume wanamwona kazidi. Baba hana kungwi.

Basi anabaki usiku. Usiku hakuna wa kumcheka.

Mtoto mchanga hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na kwa miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama yanamtosha bila maji wala uji. Hapo baba atasema: sasa mimi nina nini cha kumpa? Ana bega. Mtoto akishanyonya anahitaji kuwekwa wima begani, apapaswe mgongo taratibu hadi abeue, na mama aliyeshinda na kukesha naye atapata robo saa ya kufumba macho. Ana mikono ya kubadili nepi, kuonja joto la maji kwa kiwiko, kumlaza chali na si kifudifudi. Ana masikio ya kusikia kuwa mkewe analia kila siku na wiki mbili zimeshapita, na akili ya kujua kuwa hiyo si deko, huenda ni sonona, inataka kupelekwa kliniki badala ya kuambiwa ajikaze.

Tena kuna kilio. Kilio cha mtoto mchanga huzidi wiki baada ya wiki, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Bibi watasema ni tumbo, wengine watasema ni jicho. Mara nyingine ni ugonjwa kweli, na mtoto mwenye homa au anayekataa kunyonya hapelekwi kwa mganga ila hospitali. Lakini usiku mwingi hana kitu. Kashiba, kakauka, hana homa, analia tu. Hapo baba anakutana na nafsi yake kuliko alivyowahi kukutana nayo msikitini. Maana atamani kunyamazisha. Hasira inapanda kwenye mikono, nayo mikono hiyo imembeba mtoto ambaye shingo yake haijakaza na ubongo wake ni laini. Mtikiso mmoja wa nguvu unaweza kumpofusha au kumuua. Mtume alifundisha kuwa mwenye kughadhibika akiwa amesimama akae, na kama bado, ajilaze. Na pia kwamba atawadhe. Nimeyasikia mafunzo hayo katika mawaidha ya ugomvi wa ndugu na majirani. Sijamsikia shehe akiyapeleka saa nane za usiku, kwa baba na mtoto. Mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje ya chumba, tia udhu, kaa chini, pumua. Akilia peke yake dakika chache hatadhurika. Rudi ukiwa umetulia.

Watu wema hutamani theluthi ya mwisho ya usiku. Wanaweka saa ya kuwaamsha, na wengi wanaizima. Mwenye mtoto mchanga anaamshwa bure, tena mara mbili. Anaweza kuuhesabu usiku ule kuwa umeharibika, kwamba sala haikusaliwa, Kurani haikusomwa. Nami namkumbusha: Mtume akiwa imamu, watu nyuma yake, alisujudu siku moja sijida ndefu hata wenye kumfuata wakaingiwa na wasiwasi; wakadhani limetokea jambo au anashukiwa na wahyi. Alipomaliza akawaeleza kuwa mjukuu wake alikuwa kampanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Siku nyingine aliposikia mtoto analia nyuma ya safu, aliifupisha sala aliyokusudia kuirefusha, kwa kuuona uzito ulio katika moyo wa mama yake. Aliwahi pia kusali kambeba Umama, binti wa bintiye Zaynab, akimweka chini wakati wa kusujudu na kumnyanyua akisimama. Tazama: sala moja ikarefushwa kwa mtoto anayecheza, nyingine ikafupishwa kwa mtoto anayelia. Kipimo cha ibada kikawa mikononi mwa asiyejua hata kuhesabu rakaa. Sisi tunawafukuza watoto safu ya mwisho na kuwakemea wakicheka.

Na yule bwana wa Banu Tamim, al-Aqra bin Habis, alipomwona Mtume akimbusu Hasan, alisema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Jibu alilopewa linajulikana: asiyehurumia hatahurumiwa. Ninachowaza mimi ni wale watoto kumi. Hadithi haiwataji tena. Walikuwa na baba mwenye cheo katika kabila lake, na hakuna aliyemzuia kuwabusu.

Desturi yetu humleta baba karibu mara moja, mwanzoni kabisa, pale anapoinama kumwadhinia mtoto sikio la kulia. Wataalamu wa watoto wanasema macho ya mtoto aliyezaliwa leo huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, kama kutoka titini hadi usoni mwa mama. Zaidi ya hapo ni ukungu. Anayeadhini sikioni anaingia ndani ya mzunguko huo mdogo. Dunia yote ya mtoto ni sentimita 30, na kwa dakika mbili baba yumo. Kisha anatoka, na wengine hawaingii tena mpaka mtoto aende shule.

Anayetaka kubaki ndani ana njia nyingi. Mtoto njiti au mwenye uzito mdogo hulelewa kwa namna ya kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani; njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisisitiza ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Hakuna mama anayeweza saa 24 peke yake. Kifua cha baba kina joto lile lile.

Hata mwili wenyewe unashuhudia. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kupima homoni ya testosteroni kwa wanaume wa jamii mbili jirani za kaskazini mwa Tanzania, upande wa Ziwa Eyasi: Wahadza, wawindaji na waokota matunda, na Wadatoga, wafugaji. Baba wa Kihadza hushinda karibu na wanawe wachanga, huwabeba, hulala nao. Baba wa Kidatoga kwa desturi huwaacha kwa mama zao. Kwa Wahadza, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye utafiti wa Ufilipino uliofuatilia wanaume zaidi ya 600 ulionyesha kuwa kiwango hushuka mtu akiwa baba, na huwa cha chini zaidi kwa baba anayetumia saa tatu au zaidi kwa siku kumlea mtoto wake kuliko kwa asiyeshiriki malezi. Basi wale wa barazani wanaosema kijana kalishwa kitu hawakukosea kabisa. Kuna kitu kimeingia mwilini mwake, ila aliyekitia si mkewe. Muumba kaweka ndani ya mwanamume ulaini unaongoja kuitwa, na hauitwi kwa kuzaa. Unaitwa kwa kukaa karibu.

Serikali zinajua kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inampa baba angalau siku tatu za likizo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, inatoa wiki mbili. Siku ya saba kwa Waislamu ndiyo ya akika, mtoto ananyolewa na kupewa jina, na siku hiyo wengi wa Tanzania Bara walioajiriwa wamesharudi kazini. Mvuvi, bodaboda na machinga hawana hata hizo tatu.

Hapo lazima niseme na yule ambaye hawezi kukaa. Yuko Muscat kwenye mkataba wa miaka miwili, yuko njiani na lori kwenda Lubumbashi, yuko kambini, yuko mgodini. Akisoma haya moyo utamchoma, na sitaki. Kwa ajili yake yupo Ibrahimu.

Ibrahimu alimwacha Hajar na Ismaili bado ananyonya, bondeni kusikomea mazao, na mfuko wa tende na kiriba cha maji. Alipogeuka kuondoka Hajar alimfuata akimwuliza anawaachia nani, naye hakugeuka. Mpaka alipouliza kama ni Mungu aliyemwamuru, akajibu ndiyo. Akaenda hadi penye kona ambapo hawamwoni tena, hapo akasimama, akaelekea kule alikowaacha, akainua mikono. Nimesimama sana kwenye kona hiyo kwa mawazo. Hakuomba mbele yao, ambako dua ingekuwa pia maneno ya kujitetea. Na alichokiomba kina mpango ndani yake: nyoyo za watu zielekee kwao, na waruzukiwe matunda. Watu na chakula. Baba wa mbali huwa anakumbuka chakula. Pesa inatumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Watu ndio anaowasahau. Nani, mwanamume mzima, mwaminifu, atambeba mtoto huyu wakati mkono wako haupo? Mjomba, babu, ami, jirani: mwombe kwa jina lake, kama unavyomwomba mtu akushikie kiwanja. Piga simu mtoto akiwa macho, si wakati wako wa mapumziko tu, na usimwambie awe na adabu. Mwulize leo kacheza na nani. Halafu inua mikono, mahali asipokuona.

Ibrahimu alirudi, tena zaidi ya mara moja. Hilo nalo limo katika kisa.

Siku moja mtoto anaanza kusema. Yusufu wa pili, mwana wa Yakubu, aliota nyota kumi na moja na jua na mwezi, na aliyemwendea kumsimulia alikuwa baba yake. Watu hutaja uzuri wa Yusufu na wivu wa nduguze. Mimi huona kwanza mtoto anayejua kuwa ndoto yake ina mtu wa kuisikiliza. Hilo halianzi siku ya ndoto. Katika Kurani Yakubu naye hakucheka wala hakukimbilia kutangaza kwamba mwanawe atakuwa mkubwa. Alimwambia aifiche wasije nduguze wakamfanyia hila. Ukiwa na mtoto wa miaka minne anayekuamsha kukueleza kuwa kaota mbuzi anaendesha daladala, sikiliza mpaka mbuzi afike kituoni. Yatakuja mengine mazito, na atayapeleka kwa yule aliyemsikiliza habari za mbuzi.

Ndipo inapofika zamu ya Luqman, baba anayenena. Wengi wetu tunaanzia kwake. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, tunasema mchelea mwana kulia hulia yeye, tukidhani methali hizi zinamhusu hata mtoto wa miezi minane, ambaye kulia ndiko kusema kwake. Mimi naona zinamhusu mtoto mwenye kuelewa, na baba mwenye haki ya kusikilizwa. Luqman alimuusia mwanawe tauhidi, sala, subira, asiwageuzie watu shavu kwa kiburi, asitembee ardhini kwa majivuno. Na usia wake wa mwisho katika sura ile ni kuteremsha sauti, kwa kuwa sauti mbaya kuliko zote ni ya punda. Baba amesema yote aliyokuwa nayo, na anamalizia kwa kumfundisha mtoto kutopiga kelele. Anayefoka hawezi kulifundisha hilo.

Ombi langu ni kwa wazee. Mashehe, mapadri na wachungaji mnawaketisha vijana kabla ya ndoa na kuwafundisha mahari, haki na talaka. Waketisheni tena mimba ikifika mwezi wa saba, wanaume kwa wanaume, muwaambie habari za bega, za kilio cha wiki ya sita, na za kutia udhu saa nane za usiku. Kliniki zetu siku hizi zinawaita akina baba. Mwambieni kijana aende na aingie ndani, asibaki nje kwenye pikipiki. Nanyi wa barazani, mliokwisha kulea au mliokwisha kukosa kulea, kijana akija kamviringisha mwanawe kanga, msimcheke. Msogezeeni nafasi akae. Na akiondoka kabla kahawa haijaisha kwa kuwa mtoto kaamka, mwacheni aende.